Shada Lililobebwa Mchana Kweupe

Katika mji wa Skeljavík hakuna mwanaume anayebeba maua. Kondoo mgonjwa atambeba begani, injini ya boti ataibeba mgongoni, hata mama mkwe akiteleza kwenye barafu atambeba mpaka kwa daktari. Lakini shada la maua mkononi, mchana, barabarani, watu wanamwona? Thubutu! Maua hutumwa. Na hutumwa kupitia kwa Sólrún, binti Kolbeinn, mwenye duka dogo la maua lililobanwa kati ya kanisa na karakana ya nyavu.

Ndiyo maana kila Februari, ikifika Jumapili ya Siku ya Mwanamke, mchezo ni ule ule. Mume anaketi jikoni na kahawa yake. Mlango unagongwa. Mke anafungua, anamkuta Sólrún ana theluji mpaka kwenye kope, na shada lililofungwa vizuri kwa karatasi.

"Jamani, yametoka kwa nani haya?" mke anauliza kwa sauti ya kuigiza.

"Mimi nitajuaje?" mume anajibu, macho darini. "Labda una mpenzi."

Wanacheka, wanabusiana, mke anapanga maua kwenye jagi na kuliweka kwenye dirisha la jikoni linalotazama barabara. Na hapo ndipo penyewe. Skeljavík haina gazeti, ina madirisha. Ikifika saa sita mchana mji mzima uko njiani ukijifanya unanyoosha miguu, na kila mtu anajua nani kakumbukwa na nani kasahauliwa.

Dirisha moja tu lilikuwa halijawahi kupata maua ya siku hiyo tangu nyumba ijengwe. Kwa bahati mbaya, au tuseme kwa aibu, lilikuwa dirisha la nyumba alikozaliwa muuza maua mwenyewe.

Kolbeinn, baba yake Sólrún, alikuwa dereva wa gari la theluji, lile lori la rangi ya chungwa lenye beleshi kubwa mbele kama taya la nyangumi. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache. Lakini mwingize kwenye bwawa la maji moto la mji, mwache aloe mpaka shingoni, utadhani kameza redio.

"Mimi tangu nioe sijanunua hata ua moja," alikuwa akijigamba mle majini kila mwaka. "Ua unalinunua Jumapili, Jumatano limeinamisha kichwa kama mwizi. Samaki unamnunua Jumapili, Jumatano bado unamcheua."

Wanaume wenzake walicheka wakipiga maji kwa viganja, kisha wakatoka kimya kimya, mmoja mmoja, kwenda kuweka oda kwa Sólrún.

Mama yake, Hallbera, mpishi wa shule, hakuwahi kulalamika. Kila asubuhi ya Siku ya Mwanamke alilichukua jagi lake la bluu, akaliosha, akalifuta mpaka likang'aa, akaliweka dirishani kama wanawake wenzake. Kisha akatia miiko ndani yake. Miiko mitano ya mbao, imesimama wima kama askari.

"Miiko nayo inapendeza," alisema.

"Mama, mimi nina duka zima la maua," Sólrún alimwambia mwaka mmoja.

"Ukithubutu kuniletea maua ya huruma nitakurudishia dukani mbele ya wateja wako. Maua yako wewe nayapata mwaka mzima, mwanangu. Siyo hayo ninayoyasema."

"Unasema yapi?"

"Sisemi kitu. Nipishe nipange miiko."

Na mwaka huu ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mwezi uliotangulia, Siku ya Mwanaume, Hallbera alikuwa amefanya yote ya kufanywa. Alimwandalia Kolbeinn papa aliyevundikwa akavunda sawasawa, akamwandalia kichwa cha kondoo na viazi vya kupondwa, halafu akamvisha sweta jipya la sufu alilolifuma kwa mkono wake, lenye duara la nyota mabegani. Kolbeinn alikula akamaliza, akafuta ndevu, akasema, "Safi." Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yote.

Sólrún aliyekuwa mezani alimwona mama yake akikusanya sahani huku ametabasamu kwa midomo tu. Usiku huo alikata shauri. Mwaka huu miiko haitakaa dirishani. Baba yake atatoa maua, na atayatoa yeye, kwa kupenda. Namna ya kumfikisha hapo alikuwa hajaijua.

Kisha theluji ikaja kuharibu kila kitu.

Maua ya Skeljavík hutoka kusini, kwenye nyumba za vioo zinazopashwa joto na mvuke wa ardhini, na huja kwa lori la Bragi kupitia mlima wa Hrossa. Njia ni hiyo hiyo, hakuna nyingine. Alhamisi upepo ukaanza kupiga mluzi, Ijumaa mlima ukafungwa. Jumamosi asubuhi mbingu ikafunguka, jua likatoka, kila kitu kikanyamaza. Bragi akapiga simu. Alikuwa ng'ambo ya Hrossa, kwenye kibanda cha waokoaji, na tulipu zote na mawaridi yote ya Skeljavík nyuma ya lori lake.

Ofisi ya barabara ikasema mlima utafunguliwa Jumatatu.

Jumatatu! Shada la Siku ya Mwanamke likifika Jumatatu ni kama keki ya harusi iliyoletwa baada ya talaka.

Sólrún hakubisha hodi mahali popote. Alikwenda moja kwa moja mpaka ukingoni mwa bwawa la maji moto akiwa amevaa mabuti yake, jambo ambalo kwa watu wa Skeljavík ni afadhali uibe benki.

"Viatu, Sólrún! Viatu!" Njáll, mpiga kinanda wa kanisani, alipiga kelele huku mvuke ukimfuka kichwani.

"Achana na viatu, kaka Njáll. Mawaridi yako yako ng'ambo ya Hrossa."

Njáll akapauka, na maji yalivyokuwa ya moto.

"Yangu?"

"Yako, na ya mwalimu mkuu Ketill hapo, na ya kila mwanaume aliyelowa humu ndani. Kesho madirisha yote meupe. Mtawaambia nini wake zenu, kwamba mlituma kwa mawazo?"

Kisha vichwa vikaanza kugeuka, kimoja baada ya kingine, kuelekea pembeni, ambako kichwa cha Kolbeinn kilikuwa kinaelea kimevaa kofia ya sufu.

"Msinitazame mimi," kichwa kikasema. "Ofisi imesema Jumatatu."

"Nimewapigia, baba. Wamesema kama dereva ataona njia ni salama na yuko tayari, ruhusa anayo."

"Dereva hayuko tayari. Siamshi gari kwa ajili ya majani."

Sólrún alishusha pumzi kama mtu aliyekubali kushindwa. "Basi sawa. Nitamwambia yule kijana anayeendesha gari la theluji ghuba ya pili aje. Alisema angeweza. Na wala hakulaumu, baba. Alisema tu kwamba Hrossa siyo mlima wa wazee."

Huyo kijana hakusema chochote, kwa sababu hakuna aliyempigia simu. Lakini hilo Sólrún alilimeza.

"Amesema nini?"

"Wazee. Neno lake hilo, siyo langu."

"Mwache aje bwana," Ketill akachochea, maana walimu wanajua pa kubonyeza. "Kijana ana nguvu. Tutamwandalia chapati za krimu, tumpigie makofi. Wewe pumzika, Kolbeinn. Umefanya kazi miaka mingi."

Kolbeinn akainuka majini kama sili mwenye hasira, maji yakimwagika pande zote.

"Taulo langu liko wapi?"

Walipanda mlima baba na binti, ndani ya kibanda cha gari kinachonuka dizeli na kahawa. Beleshi lilikuwa likikata theluji na kuitupa pembeni kama unga. Sólrún alikuwa hajawahi kupanda naye tangu akiwa mtoto, na alikuwa amesahau. Barabara haikuwepo. Palikuwa na weupe tu, na vijiti vya manjano vya kuonyesha njia vikichungulia hapa na pale, na vingine vimezama kabisa. Baba yake aliendesha kama anayetembea sebuleni kwake taa zimezimwa. Hapa alipunguza mwendo, pale alipinda kabla hajaona kijiti chochote. Penye mteremko mkali chini ya jabali alisimamisha gari, akashuka na fimbo ndefu, akaichoma theluji mara nyingi, akatazama juu, akatazama tena, ndipo akarudi.

"Imeshikamana, haiporomoki," alisema. "Ingekuwa haijashikamana tungegeuza, hata kama Njáll angepewa talaka."

Sólrún alimtazama mikono, mikono minene yenye makovu, ilivyokuwa ikigusa usukani taratibu. Akajikuta amevimba kifua kana kwamba ni yeye anayeendesha.

"Baba."

"Mm."

"Kwa nini hujawahi kumpa mama maua?"

Gari likanguruma mpaka kona iliyofuata.

"Nikianza leo watasema nini? Nimeshaongea sana kule bwawani."

"Kwa hiyo mama anatazama miiko kwa sababu ya mdomo wako."

"Siyo hilo tu." Alibadilisha gia, ingawa gia haikuhitaji kubadilishwa. "Huo mchezo wenyewe. Natuma kitu kwenye nyumba ninayokaa. Wewe unagonga, mimi nimekaa na kikombe najifanya sijui. Mama yako ananitazama, najifanya sijui. Mimi siwezi kuigiza, Sólrún. Nikiigiza nafanana na mtu aliyeiba."

Sólrún alimgeukia. Miaka yote alidhani baba yake ni bahili wa moyo, kumbe mtu mwenyewe anaogopa mchezo wa kuigiza wa jikoni.

Walimkuta Bragi akirukaruka pembeni mwa lori lake kujipasha joto.

"Injini iko hai, kipasha joto kimekufa!" alipiga kelele. "Tangu asubuhi! Sijui huko nyuma hali ikoje!"

Sólrún alijua. Ua linavumilia giza, linavumilia kiu kidogo, lakini likiganda limekwisha, na likiyeyuka linakuwa kama kabichi ya jana. Alifungua milango ya nyuma, akatia mkono kwenye boksi la kwanza. Baridi, lakini laini. La pili, laini. Wakayahamisha yote kwenye kibanda cha gari la theluji, wakayapanga kitini, sakafuni, mapajani, mpaka dari. Boksi la mwisho lilikuwa limegusana na ubavu wa lori, na kadibodi yake ilikuwa ngumu kama mbao.

"Hili limeanza kuungua na baridi," Sólrún alisema.

Kolbeinn alifungua zipu ya koti, akavua sweta lake jipya lenye duara la nyota, akalivisha lile boksi, akafunga mikono ya sweta kwa mbele kama anavyofungwa mtoto. Kisha akaingia garini na shati lake jepesi na koti, akawasha kipasha joto mpaka mwisho.

"Usimwambie mama yako."

"Habari ya sweta au habari ya maua?"

"Zote."

Bragi akafuata nyuma yao, na jua lilipokuwa likizama waliingia Skeljavík. Wanaume walikuwa wamesimama kando ya barabara mikono mifukoni, wakijifanya wanatazama hali ya hewa. Sólrún alipiga honi mara moja. Mwalimu mkuu Ketill aliruka juu kama mtoto.

Jumapili asubuhi Sólrún aligonga milango mpaka vifundo vya vidole vikamwuma. Jamani, yametoka kwa nani haya? Mimi nitajuaje? Madirisha yakajaa, moja baada ya jingine, nyekundu, manjano, zambarau, barabara nzima kama nguo mpya. Aliporudi dukani kuchukua shada la mwisho, la mke wa Ketill, alimkuta baba yake amesimama mlangoni. Nywele zimechanwa kwa maji. Koti la kanisani.

"Kuna lililobaki?" Kolbeinn aliuliza, akitazama ndoo, rafu, dari, kila kitu isipokuwa binti yake.

Moyo wa Sólrún ukaruka, halafu ukaanguka. "Baba, hakuna. Kila moja lina mwenyewe. Ungesema jana..."

Macho yake yakaenda mezani, kwa shada la Ketill. Mke wa Ketill asingejua. Ketill angeambiwa chochote, angeamini. Mkono ukaanza kunyooka wenyewe.

"Usiguse," Kolbeinn alisema. "Hilo ni la mtu. Niliwafungulia njia, siwezi tena kuwaibia mzigo." Kisha akaelekeza kidevu pembeni. "Na yale?"

Kwenye ndoo karibu na mlango wa nyuma kulikuwa na maua ya boksi la mwisho. Sweta lilikuwa limeokoa machache, nayo si kamili. Mawaridi yenye kingo za kahawia, tulipu zilizovunjika shingo, vishina vifupi na virefu.

"Hayo ni ya kutupa, baba."

"Nani kasema?"

Akainama, akaanza kuchagua. Alichagua polepole, kama alivyochoma theluji kwa fimbo, akigeuza kila ua, akilirudisha, akichukua jingine. Kisha akatoa mfukoni kamba ya rangi ya chungwa, ile anayofungia vijiti vya barabarani.

"Siyo hivyo," Sólrún alishindwa kuvumilia. "Unafunga maua, hufungi trela. Lete nikusaidie."

"Toa mkono. Nafunga mimi."

Alipomaliza, shada lilikuwa limesimama upande mmoja kama kuku aliyenyeshewa. Sólrún aliuma mdomo asicheke, halafu akaona kwamba hakuwa anataka kucheka.

"Haya nipe nilipeleke. Wewe kimbia nyumbani ukakae jikoni na kikombe."

"Nimekwambia mimi siigizi."

Akafungua mlango, kengele ya duka ikalia, akatoka nalo.

Ilikuwa saa sita. Mji wote ulikuwa njiani ukinyoosha miguu. Na katikati ya barabara kuu, kichwa wazi, koti la kanisani, akaja Kolbeinn dereva wa gari la theluji, ameshika shada mbele yake kwa mikono miwili kama mtu anayebeba taa kwenye upepo. Masikio yake yalikuwa mekundu kuliko mawaridi. Hakupita kando ya kuta, hakupita nyuma ya kanisa. Alipita katikati.

Watu wakasimama. Njáll, aliyekuwa amemshika mkewe mkono, akatoa macho.

"Kolbeinn! Nani kafa?"

Maana kwa Skeljavík mwanaume akibeba maua basi anakwenda makaburini.

"Hajafa mtu," Kolbeinn alijibu bila kusimama. "Nampelekea mke wangu."

Mke wa Njáll akamgeukia mumewe. "Unaona?"

"Naona nini?"

"Mwenzio ana mikono."

Sólrún alimfuata nyuma kwa hatua chache, shada la Ketill kifuani amelisahau kabisa. Mtu mmoja akamwuliza, "Yule si baba yako?" Akajibu kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara, "Ndiye! Baba yangu yule!"

Kolbeinn alifika kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe, akaugonga. Hallbera alifungua. Nyuma yake, dirishani, miiko mitano ilikuwa imesimama wima kwenye jagi la bluu.

"Umepoteza ufunguo?"

"Hapana."

Akamnyooshea shada. Hallbera alilitazama, akamtazama mumewe, akawatazama majirani waliojazana barabarani wakijifanya wanafunga kamba za viatu. Swali likatoka, lile lile la kila nyumba, lakini hakuliigiza.

"Yametoka kwa nani?"

"Kwangu," Kolbeinn alisema. "Yametoka kwangu."

Hallbera akalipokea kwa mikono miwili.

"Yameungua."

"Yameungua Hrossa. Nilichelewa kuyafikia."

"Na fundo hili?"

"La kuvutia magari yaliyozama."

"Linafunguka?"

"Halifunguki."

"Vizuri," Hallbera alisema. Akalinusa shada, akakunja uso. "Mbona yananuka sufu mbichi? Kolbeinn. Sweta langu liko wapi?"

Barabara nzima ikaangua kicheko. Kolbeinn alitazama viatu vyake, na Hallbera akamshika sikio lake jekundu, akamvuta ndani, akafunga mlango.

Ndipo Sólrún alipokumbuka alichobeba, akakimbia. Mwalimu mkuu Ketill alikuwa amesimama mlangoni kwake, siyo jikoni. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akanyoosha mikono.

"Nipe nimpelekee mwenyewe," alinong'ona. "Lakini mpaka jikoni tu, sawa? Barabarani bado."

"Jikoni panatosha kwa mwaka huu, mwalimu."

Sólrún akarudi taratibu kwa barabara kuu, safari hii naye akinyoosha miguu kama wenzake. Alipofika kwa wazazi wake akasimama. Miiko haikuwepo. Jagi la bluu lilikuwa katikati ya dirisha, na ndani yake lile shada lililoinamia upande, kamba ya chungwa ikiwaka kwenye jua. Mama yake alikuwa nyuma ya kioo hapangi kitu, amesimama tu. Alipomwona binti yake hakupunga mkono. Alilishika pazia, akalivuta kando kabisa, lisizibe hata ua moja.